Kulikata neno helicopter kwenye kiungo chake

Nafundisha baiolojia, na kila mwaka kabla ya kuingia kwenye wadudu naandika ubaoni neno la Kiingereza, helicopter, tunalikata pamoja. Chukua kalamu, tulikate.

Sikio litakuambia ukate heli na copter. Waingereza wenyewe wamekata hapohapo, ndiyo maana wanasema copter peke yake, na kiwanja chake wanakiita heliport. Lakini neno ni kama kuku: kisu kikigonga mfupa, ujue hujafika kwenye kiungo. Sogeza kisu mpaka kati ya o na p. Sasa una helico na pter. Cha kwanza ni heliksi ya Kigiriki cha kale, kitu kilichojisokota kama skrubu. Wagiriki wakitaka kusema "cha heliksi" walisema helikos, na hapo ndipo k ilipotokea. Cha pili ni pteron, bawa. Bawa la mzunguko!

Usiridhike bado. Kijaribu kila kipande kwenye neno jingine. Mbu na nzi wako katika oda, yaani kundi la wadudu, iitwayo Diptera, maana yake mabawa mawili. Mwue mbu uyahesabu. Vipepeo ni Lepidoptera, mabawa ya magamba. Mshike kipepeo taratibu, kisha tazama kidole chako: ule unga uliobaki ndio magamba yenyewe. Wanafunzi wangu wakishauona ule unga, pteron haiwatoki tena.

Jihadhari na vinavyofanana kwa sura. Heliamu, ile gesi, jina lake limetokana na helios, jua, kwa kuwa dalili zake zilionekana kwanza kwenye mwanga wa jua mwaka 1868. Haina undugu wowote na helikopta.

Kisha uliza nani aliliunda. Wagiriki wa kale hawakuwahi kulisikia. Ni Mfaransa, Gustave de Ponton d'Amécourt, aliyeviunganisha vipande hivyo mwaka 1861 akasema hélicoptère.

Na tusimlaumu Mwingereza kwa kukata vibaya. Sisi tulipokea kitab kutoka Kiarabu, tukaiona ki- ya mwanzo kama ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Mimi nalipenda sana kosa hilo, maana linaonyesha lugha ikikifanya cha mgeni kuwa chake. Andika kitabu, katibu na katiba, moja chini ya nyingine, halafu zungushia k, t na b katika kila neno: huo ndio mzizi wa Kiarabu, na k ya kitabu ni sehemu yake.