Kabla ya kuuliza dawa, sema ni jani lipi

"Bwana shamba, shikamoo. Mchicha wangu unakauka, niupige dawa gani?"

Simu ya namna hii hunikuta karibu kila asubuhi, leo Chanika, kesho Bunju. Nami huuliza: unakauka wapi? "Majani." Majani ya juu au ya chini? Ukingoni au katikati ya mishipa? Hapo kimya.

Nami niliwahi kuingia mkenge. Mama mmoja wa Kigamboni aliniambia bamia zake zimekuwa njano. Sikudadisi, nikamwambia aweke yurea, mbolea ya naitrojeni. Nilipofika bustanini wiki mbili baadaye, majani ya chini yalikuwa kijani kibichi. Yaliyopauka ni yale machanga ya juu, mishipa yake imebaki kijani kama imechorwa kwa kalamu. Mmea ukikosa naitrojeni huinyonya kutoka majani yake makuukuu na kuipeleka juu, ndiyo maana njano huanzia chini. Madini ya chuma hayahami kirahisi hivyo. Yakipungua, wanaoumia ni wachanga. Na udongo wa yule mama ulikuwa na vipande vya matumbawe kila ukichota. Chokaa ile huzuia mizizi isipate chuma. Hela ya yurea ilikwenda bure, na kosa lilikuwa langu.

Basi tujue sehemu za jani. Kikonyo ndicho kinacholishika kwenye shina. Kutoka hapo hupita mshipa mkuu hadi nchani, na mishipa midogo hutawanyika pembeni. Ukingo ni ule mzunguko wa nje: wa mchicha ni laini, wa mwarobaini una meno kama msumeno. Ukingo ukiungua huku katikati pazima, na unamwagilia maji ya kisima karibu na pwani, yaonje kwanza. Huenda ni chumvi.

Umbo lisikutishe. Matembele mengine yana jani la umbo la moyo, mengine limechanika kama vidole. Usimgombeze jirani aliyekupa marando.

Nyanya ndiyo inayodanganya wengi. Kile kijiti chenye majani mengi ni jani moja tu lililogawanyika vijani, yaani vipande vidogo vinavyofanana na majani. Utajuaje? Tafuta jicho. Kwenye kwapa, pale kikonyo kinapokutana na shina, kuna jicho linaloweza kuchipua tawi. Pale kipande kimoja kimoja kinaposhikia kijiti hulikuti. Hii si elimu ya darasani. Nyanya ndefu za kufungia kwenye miti hupunguzwa machipukizi ya kwapani, na nimeona kijana aliyeambiwa "toa vichipukizi" akakwanyua majani yenyewe. Jua la Januari likababua matunda yote.

Kwenye tunda, kitako ni upande usio na kikonyo. Nyanya ikiweka doa jeusi lililobonyea kitakoni, usikimbilie dawa ya ukungu. Mara nyingi kalsiamu haikufika kwenye tunda, kwa kuwa unamwagilia leo sana, kisha siku nne hugusi ndoo.

Ukinitumia picha, piga mmea mzima, halafu jani kwa juu, halafu kwa chini, maana nzi weupe na utitiri hujificha huko. Na usilichume jani kabla ya kulipiga picha. Nataka nione na kwapa lake.