Kununua embe, parachichi na mazao mengine ya msimu kwa jiko la hoteli

Kalenda ya mazao nchini Tanzania haifuati miezi peke yake. Inafuata mvua na mwinuko. Pwani na kaskazini kuna vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei), ilhali Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana parachichi aina ya Hass linaweza kuwa tayari Njombe wakati la Kilimanjaro bado changa, na miezi kadhaa baadaye mambo yakageuka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, muulize msambazaji: mzigo umetoka wapi, na umechumwa lini? Asiyeweza kujibu ananunua sokoni kama wewe, na unamlipa kwa nauli tu.

Embe

Msimu mkubwa wa pwani ni Novemba hadi Februari. Katikati ya mwaka huja msimu mdogo, lakini huo huyumba kwa mvua, usiutegemee kwenye menyu iliyochapishwa. Dodo lina nyama nyingi na nyuzi chache, kwa hiyo linafaa kukatwa vipande na kuwekwa kwenye saladi. Boribo lina harufu nzuri, peleka kwenye sharubati na aiskrimu. Sindano ni dogo na jembamba, nalo ni heri liliwe lenyewe. Embe la achari nunua bichi kabisa, kabla kokwa halijawa gumu kiasi cha kukataa kisu.

Rangi hudanganya. Wekundu wa embe huonyesha upande uliopigwa na jua tu. Tazama mabega: embe lililokomaa limejaa hadi mabega yakapanda juu ya kikonyo, na changa lina mabega yaliyoteremka. Ukiwa na shaka, chukua machache mabichi uyatumbukize kwenye ndoo ya maji. Yaliyokomaa huzama na machanga huelea. Embe lililochumwa changa hata likilainika halipati utamu.

Kuna pia embe lililoivishwa kwa kabaidi, kemikali ya kuivisha matunda haraka. Ngozi huwa njano sare kote, kikonyo hakinukii, na ukilipasua nyama iliyo karibu na kokwa ni nyeupe na chachu. Kwa hiyo pasua moja au mawili kutoka kila tenga kabla hujatia saini. Tundu dogo lenye alama laini kuzunguka ni kazi ya nzi wa matunda, na ndani kuna funza. Michirizi myeusi kwenye ngozi ni utomvu uliomwagika wakati wa kuchuma. Hiyo inaharibu sura tu, kwa juisi haina neno, ila bei ishuke.

Embe liivishe katika nyuzijoto 20 hadi 24. Embe bichi ukiliweka chini ya nyuzi 12 au hivi, ngozi huparara ikawa kijivu na tunda haliivi tena vizuri. Jikoni kwingi kosa hili hutokea Ijumaa, mzigo mzima unapoingizwa kwenye chumba cha baridi ili "usiharibike".

Bei ya kilo si bei ya chakula. Menya matunda 5, pima nyama peke yake, kisha gawanya. Kama kilo 10 umenunua kwa shilingi 20,000 na umepata kilo 6 za nyama, basi kilo moja ya nyama ni karibu shilingi 3,330. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye hesabu ya sahani. Embe la bei ndogo lenye kokwa kubwa mara nyingi hugeuka kuwa ghali.

Parachichi

Parachichi haliivi mtini, hulainika baada ya kuchumwa. Lililochumwa kabla ya kukomaa hubaki kama mpira, ngozi hukunjamana, na ladha ni ya maji. Kwa macho ni vigumu kulitambua, lakini mizani inaweza. Chukua matunda 5 kutoka sehemu tofauti za shehena, menya, paruza nyama na uichanganye. Pima gramu 10 kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, tandaza kwenye sahani, kausha kwenye maikrowevu kwa nguvu ndogo. Pima kila baada ya dakika 2 hadi uzito uache kushuka. Isiungue, maana ikiungua uzito hupungua zaidi na kipimo kinakuwa cha uongo. Ikibaki gramu 2.4, mabaki makavu ni asilimia 24, na hilo ni parachichi zuri lenye mafuta. Kwa Hass, kiwango cha chini katika biashara ya kimataifa ni asilimia 21. Chini ya hapo rudisha mzigo.

Joto la Dar es Salaam ni adui hapa. Juu ya nyuzi 25 tunda huiva kwa mabaka na kuoza kuanzia kwenye kikonyo. Tumia stoo yenye kiyoyozi, nyuzi 18 hadi 21. Ukitaka liwahi, lifunge na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa karatasi. Mabichi unayotaka yasubiri yakae nyuzi 5 hadi 7. Chini ya hapo nyama hutoka ya kijivu yenye nyuzi nyeusi, na mteja hujua. Yaliyoiva tayari huvumilia nyuzi 2 hadi 4 kwa siku mbili au tatu.

Kujua kama limeiva, bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Ukibonyeza tumboni unaacha alama inayogeuka doa, na mwenzako akibonyeza tena ni doa la pili.

Shokishoki, uyoga na mboga za Lushoto

Shokishoki la Zanzibar halipevuki zaidi likishachumwa, kwa hiyo la kijani usilinunue kwa matumaini. Nywele zikiwa nyekundu na zinanyumbuka, limechumwa jana au leo. Zikiwa nyeusi na kavu, limekaa. Lihifadhi likiwa limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, nyuzi 10 hadi 12.

Uyoga wa porini hutoka misitu ya miombo, Tabora, Iringa na Ruvuma, wakati wa mvua. Ni mtamu sana, lakini nunua tu kwa mchumaji anayejulikana kwa kazi hiyo, na kila aina ije kwenye chombo chake. Kuna aina zenye sumu isiyoondoka kwa kupikwa, hivyo uyoga uliochanganywa usiingie jikoni hata kwa bei ya bure. Usiufungie kwenye nailoni, utalowa na kunata. Nje ya msimu, uyoga mamama wa kufugwa unatosha.

Masika ndiyo kipindi kigumu kwa mboga za majani na nyanya. Barabara za milima ya Usambara, iliko Lushoto, huteleza, letasi hufika ikiwa imelowa, na ukungu hushambulia nyanya shambani. Kwa Machi hadi Mei panga menyu inayoegemea karoti, bitiruti na kabichi, na letasi iagizwe kidogo kidogo, mara tatu kwa wiki.

Siku ya kupokea

Pima kila kitu kwa mizani yako, usikubali hesabu ya tenga wala lumbesa. Fungua tenga kutoka chini, kwa sababu mazuri hupangwa juu. Andika kwenye daftari: zao, lilikotoka, tarehe ya kuchumwa, uzito, yaliyotupwa. Embe na parachichi zinazoiva zitenge na letasi, matango na karoti, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huleta madoa ya kahawia kwenye letasi, huyafanya matango kuwa njano na karoti kuwa chungu. Kwenye menyu andika "tunda la msimu", na kila asubuhi mwambie mhudumu ni tunda gani leo, na limetoka wapi.