Kabla ya kuiwasha amplifaya ya zamani

Mteja akiniletea Sansui au Pioneer ya transista ya miaka ya 1970, siiwashi. Naichomoa, nafungua kifuniko, kisha naweka multimeta kwenye volti za DC na kupima kapasita kubwa (vifaa vinavyohifadhi chaji) za pawasaplai. Zikiwa bado na volti, nazimaliza kwa rezista ya ohm 1,000, wati 5, kwa dakika nzima, halafu napima tena. Kuzigusisha kwa bisibisi sikubali kabisa: cheche ile huharibu kapasita na inaweza kukuumiza macho.

Transista za pawa zipime kwa alama ya dayodi ya multimeta. Kolekta na emita, miguu miwili ya transista, zikisoma karibu sifuri hata ukibadilishana waya za multimeta, imekufa. Badilisha pamoja na transista mwenzake wa jozi, ukague na rezista za emita.

Ndipo iwashe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ikimulika kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inang'aa, zima haraka, kuna shoti. Ukipima ndani ikiwa imewashwa, tumia mkono mmoja tu.

Spika ziunge mwisho. Kwanza pima DC kwenye matundu ya spika ya amplifaya: chini ya milivolti 50 naridhika; volti kadhaa zitaunguza koili ya spika.