Ukijaribu pikapu za Toyota Hilux na Ford Ranger siku moja, anza na upepo wa matairi

Kabla ya kuwasha injini, pima upepo wa magari yote mawili matairi yakiwa ya baridi, ulinganishe na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upepo ukizidi, gari litarukaruka kwenye changarawe na utazilaumu springi bure. Pikapu tupu hudunda nyuma kwa sababu springi zake zimetengenezwa kubeba mzigo. Kwa hiyo pakia mifuko 5 ya saruji ya kilo 50, ifunge vizuri, kisha rudia njia ileile kwa mwendo uleule. Hapo ndipo tofauti ya kweli huonekana.

Fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ya Hilux ya dizeli usiiweke kwenye lami kavu: haina difu ya kati, yaani gia inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye kona ekseli hukazana na usukani huwa mzito. Baadhi ya Ranger zina 4A (fowili inayojirekebisha yenyewe), hiyo haina shida kwenye lami.

Kwa 4L (fowili ya gia nzito, ya mwendo wa polepole), simama, weka nyutro, ingiza, halafu shuka mteremko kwa gia ya kwanza bila breki. Sikiliza injini inavyolizuia gari.

Kwa wanaovuka mito: Ranger imepangiwa kina cha milimita 800, Hilux 700.