Kupanda miamba ya Alps mwezi Septemba: chagua mabonde kadhaa, ukuta utauchagua mwishoni

Septemba radi za alasiri hupungua ukilinganisha na Julai, na njia maarufu hazina foleni. Adui ni theluji: baridi ikiingia nyuma ya mvua, miamba ya juu ya mita 2,500 inaweza kuamka nyeupe. Kwa hiyo unapoomba likizo kazini, usijifunge na ukuta mmoja wa mwamba.

Andaa mabonde matatu. Hewa ikisukumwa kutoka kaskazini, mawingu hukwama Bernese Oberland, milima ya Uswisi upande wa kaskazini wa Alps, huku Ticino, kusini mwa Uswisi, ikibaki kavu. Ikitoka kusini-magharibi, Ticino ndiyo inayolowa. Juu kukiharibika kabisa, teremkeni Arco karibu na Ziwa Garda, au Finale Ligure pwani ya Italia. Malazi yawe ya kufutika bila faini. Unafuu wa bei ya chumba kisichofutika unaliwa na siku mbili za mvua. Na kwa kuwa mtavuka mipaka, beba pasipoti na kadi ya ukaazi zenyewe, si picha zake kwenye simu.

Siku tano kabla, utabiri unakupa mwelekeo tu. Amua zikibaki saa 48, ukitazama kimo ambapo joto hufika nyuzi sifuri, upepo kwenye mita 3,000, na kilichonyesha siku tatu zilizopita. Hilo la mwisho ndilo linaloponza wengi. Anga ni buluu, lakini theluji iliyolala juu ya ukuta inayeyuka mchana, inatiririka kwenye nyufa, na usiku inaganda kuwa utando wa barafu usioonekana. Graniti ya upande wa kusini inayopigwa na upepo hukauka kwa saa chache. Nyufa za miamba ya chokaa zinaweza kuvuja siku mbili zaidi. Kamera za mtandaoni zitakuonyesha ukweli kuliko alama ya jua kwenye simu. Joto nalo hupungua kama nyuzi 6 kila mita 1,000: bonde la mita 1,000 likiwa na nyuzi 18, kwenye mita 3,000 tarajia kama 6, kabla ya upepo.

Kamba moja ya mita 60 inakushusha mita 30 tu ukitaka kuivuta irudi, kwa kuwa hukunjwa mara mbili. Mbili zikiungwa zinakushusha 60, na hapo kukimbia mvua kunawezekana. Ongeza mita 6 za kamba nyembamba ya milimita 7 na kisu, za kutengenezea nanga (vishikizo vya kufungia kamba) utakazoziacha mwambani. Kila mtu awe na taa ya kichwani: mwisho wa mwezi mchana una urefu wa saa 12 tu. Saa ya kugeuka ikubaliwe bondeni, kabla hamu ya kilele haijapanda kichwani.

Vibanda vingi vya milimani, vya kulala wapandaji, hufungwa katikati au mwisho wa Septemba. Vingi huacha chumba cha majira ya baridi wazi, bila mhudumu wala mpishi, basi beba chakula na jiko la gesi.

Bima ya viza ya Schengen, ile ya euro 30,000, si lazima ilipie helikopta ya kukutoa ukutani; soma kipengele cha michezo ya hatari. Uanachama wa klabu ya milima ya Austria, Alpenverein, unakuja na bima ya uokoaji. Namba ya dharura ni 112 kote. Uswisi piga 1414, ya Rega, shirika la uokoaji wa angani.