Kutuliza Maumivu Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Kifua kwa Kamera

Wagonjwa ninaowahudumia hapa Mombasa hushangaa kwamba vidonda vya sentimita chache vinaweza kuuma kiasi hicho. Vyombo vya upasuaji, pamoja na kamera ndogo, hupitishwa katikati ya mbavu, ambako neva, yaani mishipa ya fahamu, hupita chini ya kila ubavu, na mrija wa kutolea hewa na maji kifuani huzisumbua neva hizo hadi siku unapotolewa.

Kwanza, meza dawa kwa saa zilizopangwa wala usingoje maumivu yakulemee. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi kwa kawaida huandikiwa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Na kwa kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, mwonyeshe mfamasia kila unachokimeza. Ibuprofeni huliwa baada ya chakula, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiiguse kabla ya kumwuliza daktari. Tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, hufunga choo na kuleta usingizi, kwa hiyo kunywa maji, kula mapapai, na usiendeshe gari.

Pili, pumua, na hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pote. Anayeogopa maumivu hupumua juu juu, makohozi yakatuama, nimonia ikaingia. Dawa ikishaanza kufanya kazi, yaani baada ya nusu saa hadi saa moja, keti wima, vuta pumzi polepole kwa pua, izuie kwa sekunde 3, kisha itoe kwa mdomo. Rudia mara 10 kila saa ukiwa macho. Halafu kumbatia mto, au leso iliyokunjwa ikawa nene, ibane kwenye kidonda, ukohoe. Wengi hujizuia wakidhani nyuzi zitafumuka, ilhali kidonda kikishikiliwa hivyo kukohoa si hatari, tena ni lazima.

Tatu, tembea alfajiri kabla ya joto kupanda, na uinue mkono wa upande uliopasuliwa ili bega lisikaze. Ukilazimika kuvuka kwa feri pale Likoni, epuka saa za msongamano.

Ganzi au hisia ya kuungua chini ya titi hutoka kwenye neva na mara nyingi hupungua polepole. Ikipita miezi 3, rudi kwa daktari, kwani maumivu ya neva yana dawa zake.

Pumzi ikikata ghafla, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nenda hospitali usiku huohuo.