Baiskeli kwenye Moramu ya Tooro: Jinsi ya Kuzunguka Maziwa ya Kreta

Wageni wengi ninaowaongoza, wawe wametoka Kampala, Nairobi au Arusha, huanza kwa kuuliza mlima mrefu kuliko yote ni upi. Tooro, eneo la magharibi mwa Uganda lenye barabara za moramu (udongo mwekundu na kokoto, bila lami), haiendeshwi kwa swali hilo. Milima mirefu, ile ya Rwenzori yenye barafu na kilele cha Margherita cha mita 5,109, tunaiona tu upande wa magharibi asubuhi kukiwa kweupe. Vilima tunavyopanda sisi viko kusini mwa mji wa Fort Portal, na vilizaliwa na milipuko ya volkano: mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakakutana na maji yaliyofichika ardhini, mvuke ukalipuka, yakabaki mashimo yenye kingo zilizosimama. Mengi yakajaa maji, ndiyo haya maziwa ya kreta.

Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii: unapanda ukingo, unashuka, na kabla pumzi haijarudi kuna ukingo mwingine. Vilima ni vifupi na vikali. Gia na upepo wa tairi vitaamua siku yako kuliko ukubwa wa misuli, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya 1: Chagua majira

Njoo kati ya Desemba na Februari, au Juni hadi Agosti. Mvua kubwa huanguka Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Hata miezi ya kiangazi mvua ya alasiri inaweza kukukuta, maana Fort Portal iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na milima iko jirani. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu kukipambazuka.

Hatua ya 2: Kagua gia kabla ya kusafiri

Hesabu meno. Gurudumu dogo la meno la mbele lisizidi meno ya gurudumu kubwa kabisa la nyuma. Kama mbele una 40, nyuma uwe na 40 au 42. Baiskeli ya mashindano ya lami yenye 36 mbele na 28 nyuma itakulazimisha kusimama kwenye pedali, na ukisimama juu ya kokoto, tairi la nyuma linazunguka bure. Ukiwa na mashaka, badilisha friwili (meno ya nyuma) Kampala. Mafundi wa Fort Portal ni hodari, ila vipuri vya gia nyingi hawana mara zote.

Hatua ya 3: Tairi na upepo

Upana wa milimita 40 unatosha kiangazi. Watu hupenda 45 au 50 kwa sababu ni laini, na mimi sipingi, lakini chungulia kwanza nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu. Moramu ya huku ina udongo mwekundu unaonata. Ukilowa, unajikusanya juu ya tairi, unabanwa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, na gurudumu linagoma kabisa. Kidole chako cha shahada kipite kwa urahisi kati ya tairi na fremu. Kisipopita, punguza tairi. Beba pia kijiti kigumu cha kukwangulia tope.

Upepo: mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 aanze na PSI 35 (kipimo cha upepo kwenye pampu) nyuma na 32 mbele, kisha ajaribu. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: linatakiwa kubonyea kidogo. Kama mikono inakufa ganzi kwenye vile vijituta vilivyojipanga barabarani, toa upepo kidogo. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza. Wenye tairi zisizo na tyubu waongeze dawa mpya ya kuziba pancha kabla ya safari, kwa sababu miiba ya ua ikishapogolewa hutupwa barabarani.

Hatua ya 4: Spea, na suala la valvu

Hili wageni hawalitarajii. Mafundi wa boda boda wako kila senta na pampu wanazo, lakini zimetengenezwa kwa valvu nene za pikipiki. Valvu yako nyembamba haiingii. Nunua kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia, ukifunge kwenye valvu yako moja kwa moja ili kisipotee mfukoni.

Tyubu za baiskeli nyeusi zinazobeba matoke zinapatikana karibu kila duka, ila valvu yake ni nene na haipiti kwenye tundu la rimu yako. Kwa hiyo beba tyubu zako mbili, viraka, gundi, pampu ya mkononi, kiungo cha mnyororo, na kile kipande cha chuma kinachoshika mkono wa gia wa nyuma kwenye fremu. Kipande hicho ni laini kwa makusudi, kipinde chenyewe ili fremu isalimike. Cha baiskeli yako hakifanani na cha mwenzako, na hukipati hapa.

Hatua ya 5: Njia

Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni kilomita 300 hivi, lami tupu. Mabasi hubeba baiskeli kwa kulipia. Elewana na kondakta kabla ya kupakia, na mnyororo uangalie juu.

Toka mjini kuelekea kusini, ushike barabara ya moramu ya Kasenda hadi Rwaihamba. Siku ya gulio shuka, usukume. Mikungu ya ndizi, mbuzi na pikipiki vinajaza njia. Karibu na hapo kuna ziwa Nkuruba lililozungukwa na msitu, tumbili wakiruka juu ya maji. Kisha Kabata na ziwa Nyinambuga, lile lililo kwenye noti ya shilingi 20,000. Panda ukingoni hapo hata kama umechoka, kwa sababu ndipo utakapoelewa ardhi uliyokuwa ukiiendesha tangu asubuhi: shimo upande huu, shimo upande ule, na barabara imepita kwenye ukuta mwembamba katikati.

Rudi Rwaihamba, uulize njia ya kuvukia Rweteera, karibu na ziwa Nyabikere. Hapo unakutana na lami ya Kamwenge, na kurudi mjini unapita mashamba ya chai. Mzunguko wote hauzidi kilomita 70. Mwenye nguvu zilizobaki anaweza kugeukia kusini kidogo, aonje barabara inayopita ndani ya msitu wa Kibale, hifadhi ya taifa tangu 1993. Afanye hivyo mapema: tembo huvuka barabara hiyo, na jioni si wakati wa kuwa humo na baiskeli.

Hatua ya 6: Kupanda na kushuka

Badilisha gia kabla mwinuko haujaanza. Kaa kwenye siti, inamisha kifua, viwiko vilegee, ukanyage mzunguko ule ule bila kurusha.

Kushuka, punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, uachie breki ndani ya kona. Vidole viwili kwenye breki zote mbili, makalio nyuma. Kokoto hurundikana nje ya kona, kwa hiyo fuata alama za magurudumu ya magari. Na kabla ya kuhama upande, geuka utazame nyuma. Madereva wa boda huzima injini kwenye mteremko kuokoa mafuta. Anakufikia kimya akiwa na abiria wawili na gunia.

Hatua ya 7: Kula na kusalimia

Kila senta ina kibanda cha chapati. Agiza kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, au rolekisi, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili. Beba noti ndogo.

Salimia kwanza, ndipo uulize njia. Mama muuzaji anaweza kukuuliza, "Mwanangu, empaako yako nani?" Ni jina la heshima na mapenzi, kama Akiiki, Amooti au Abwooli, na UNESCO iliuorodhesha utamaduni huo mwaka 2013. Kama huna, mjibu, "Sina, mama, nipe wewe." Atakupa, na vijana watakaokuelekeza njia watakuita kwa jina hilo.

Hatua ya 8: Osha jioni ile ile

Vijana wanaoosha boda watakuita. Nenda, ila waombe ndoo na kitambaa. Pampu yao ina nguvu ya kusukuma maji na mchanga hadi ndani ya beringi za magurudumu na pedali, na uharibifu wake utausikia ukilia wiki mbili baadaye. Futa mnyororo hadi kitambaa kitoke bila wekundu, uache ukauke, weka oili tone moja kila kiungo, zungusha pedali, halafu ufute iliyobaki nje; oili ya nje kazi yake ni kukamata vumbi la kesho. Malizia kwa kukaza skrubu za usukani na za kishika chupa, kwa kuwa moramu hulegeza zote.